Madirisha Yanayofunguka Nusu
Kila mtu ana haki ya kupenda anachokipenda, na sina ugomvi na anayetaka dari ya jipsamu yenye ngazi tatu na taa za rangi. Kinachonikera ni mafundi na wenye nyumba wa Dar es Salaam kuugeuza upenzi huo kuwa sheria, kana kwamba jiji hili halijui joto la Februari. Dirisha la aluminiamu la kuteleza, hata likifunguliwa mpaka mwisho, huacha wazi nusu tu ya nafasi yake, kwa kuwa kioo kimoja husimama nyuma ya kingine. Hapo huongezwa pazia zito, dari hushushwa ili taa zipate pa kukaa, kisha mpangaji huambiwa anunue kiyoyozi na alipie umeme. Wajenzi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, waliinua dari, wakajenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na wakaacha ua wa ndani ili hewa ipite. Nikiomba madirisha ya bawaba yanayofunguka yote, fundi hunijibu kwamba hayo yamepitwa na wakati, ilhali usiku wenye joto humo ndani nitaukesha mimi.