Propela yenye namba kubwa ndio inayokula mafuta yako

Wadau, hii habari ya "weka propela kubwa boti ikimbie" mi imeshanichosha, na nasema hivyo kwa sababu hata mimi niliingia kichwakichwa. Boti yangu ni ya faiba, ya zamani, futi 21, nyuma ina injini ya Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, ile ya kuchanganya petroli na oili. Niliinunua Dar ikapandishwa kwenye lori mpaka Mwanza. Kule baharini tuliijaribu tukiwa watu wawili ikawa inapepea kabisa, nikajua nimelamba dume. Kuishusha ziwani sasa, na watu sita na mizigo yao, inanguruma tu pua iko juu, ikija kulala sawa juu ya maji nshachoma mafuta ya kutosha.

Fundi wa kwanza akasema injini imechoka. Wa pili akasema toa hiyo propela ya 13 weka 15. Nikakaribia kutoa hela.

Ile namba ya 13 ndio pichi, yani inchi ambazo propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inaingia kwenye kitu kigumu, kama skrubu kwenye mbao. Maji sio mbao kwa hiyo inateleza kiasi, lakini wazo ni hilo hilo. Kwenye propela utaona namba mbili zimegongwa, ya kwanza ni kipenyo (hicho achana nacho, waliotengeneza injini washakipanga) na ya pili ndio hiyo pichi. Pichi kubwa ni gia kubwa. Sasa chukua bodaboda, pakia mishikaki, anza kupanda mlima wa Bugando na gia ya nne uone kama utafika haraka au utaua injini.

Alafu kuna kitu ambacho hakuna fundi aliyenitajia. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa huku ni nyepesi, na injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300. Piga hesabu, ile 40 ya Dar huku inabaki kama 36 hivi. Propela iliyokuwa sawa Kigamboni huku ni mzigo, hata kama boti ni ile ile na dereva ni yule yule.

Nilichofanya, nikanunua takomita, kile kisaa cha kupima mizunguko ya injini, bei yake haifiki hata nusu ya propela mpya. Kitabu cha injini kinataka ifike kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika mafuta yakiwa yamefunguliwa mwisho. Yangu ikiwa imejaa ilikuwa inagota 4,300, haipandi tena. Hapo injini inakabwa, inapata joto, inajaza masizi, na petroli inaenda bure. Kila inchi moja ya pichi ukipunguza unapata kama mizunguko 150 hadi 200, kwa hiyo nikashuka mpaka 11. Sasa ikijaa inafika 4,700, ikiwa tupu inagusa 5,200, bado niko ndani ya kitabu. Ukishuka mpaka ikiwa tupu inapita 5,500 hapo umezidisha, rudi juu.

Najua mtu atabisha, si injini ikizunguka sana ndio inakula zaidi? Mi sishindilii mpaka mwisho. Boti inalala sawa mapema, narudisha mkono mpaka 3,800 hivi na inabaki juu ya maji, wakati na ile 13 nikirudisha tu inadondoka na kuanza kulima ziwa. Kwenda na kurudi Kayenze nilikuwa namaliza lita 22, sasa 19, abiria idadi ile ile, siku ambayo ziwa limetulia. Spidi ya mwisho imepungua kidogo, sijali, sishindani na mtu.

Kabla ya yote haya lakini pima uzito wa boti yenyewe. Tulipofungua sakafu tukakuta ile sponji ngumu ya kuelea imekunywa maji miaka yote hiyo, tukaitoa kwa vipande, mingine ukikamua inatoa maji kama dodoki. Hakuna propela itakayokusaidia kama umebeba ziwa ndani ya boti.

Habari ya propela ya stenlesi, ndio ni nzuri, mapanga yake ni membamba na yanakata maji vizuri, ila kwa miamba hii ya Mwanza mi nabaki na alumini. Ukigonga jiwe, bora lipinde panga kuliko uvunje gia zilizoko chini ya injini. Na likipinda usiwape wale wa kuchomelea na nyundo tu, nilishawahi, likarudi linang'aa lakini linatetema, miezi miwili oili sili, ule mpira wa kwenye shafti unaozuia oili isitoke na maji yasiingie, ikaanza kuvuja. Nyavu zikijizungusha kwenye shafti nazo zinakata sili hiyo hiyo, kwa hiyo fungua uangalie mara kwa mara.

Ile ya 13 sijaiuza. Iko chini ya kiti na spana yake na pini yake, siku nikila mwamba ntarudi nayo nyumbani pole pole.