Bourbon ya Baa: Lebo Moja, Viwanda Vingi

Katika baa nyingi za kizamani za Marekani, zile zenye kaunta ndefu ya mbao na wateja wanaokaa kiti kilekile miaka nenda miaka rudi, huwepo chupa ya bourbon, wiski ya Kimarekani ya mahindi, yenye lebo ya baa yenyewe. Mteja akiomba bourbon bila kutaja jina, humiminiwa hiyo. Kisha siku moja hujulikana kwamba kilichomo chupani si kile cha zamani: mwanzoni wiski ilitoka kiwanda kimoja cha jimbo la Kentucky, baadaye ikatoka kingine, na sasa huenda inatoka cha tatu cha jimbo hilohilo, ilhali lebo haijabadilika hata herufi moja. Wateja husema wamedanganywa. Wenye baa hujibu kwamba walichoahidi ni ladha ya kuridhisha kwa bei ya kuvumilika, na kwamba hawakuwahi kudai kuwa na mtambo wa kukenekea pombe nyuma ya jiko.

Malalamiko ya wateja yana msingi. Lebo yenye jina la nyumba hujenga imani kwamba kuna kitu mahususi kilichochaguliwa na mtu mwenye ulimi mzuri, na kwamba kitu hicho kitakuwepo kesho. Anayeagiza kwa mazoea hana nafasi ya kulinganisha, anategemea jina. Sheria nayo haimsaidii sana. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinadai kwamba bourbon itokane na mchanganyiko wa nafaka wenye mahindi yasiyopungua asilimia 51, ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, na kwamba wiski iliyokenekwa katika jimbo tofauti na lile linalotajwa kwenye anwani ya lebo itaje jimbo ilikokenekwa. Hazidai jina la kiwanda. Maadamu lebo haikutaja kiwanda, mfungaji chupa anaweza kumwacha msambazaji mmoja wa Kentucky leo na kumchukua mwingine wa Kentucky kesho, na mteja asipate dalili yoyote isipokuwa ile ya ulimini.

Hata hivyo, wanaolalamika mara nyingi huanza na dhana isiyo sahihi: kwamba hapo kale kila chupa ilitoka kwa aliyeipika, na kwamba kununua wiski ya mwingine na kuiwekea jina lako ni ujanja wa wafanyabiashara wa siku hizi. Historia ya Kentucky inasema kinyume. Mwaka 1870, huko Louisville, muuza dawa aliyeitwa George Garvin Brown alianzisha Old Forester, bourbon iliyopata sifa kwa kuuzwa katika chupa zilizofungwa tu, wakati wauzaji wengi walikuwa wakimimina kutoka kwenye mapipa na kuongeza humo walichotaka. Brown hakuwa na kiwanda. Alinunua wiski kutoka viwanda vitatu, akaichanganya ili ladha isiyumbe, akaweka jina lake kama dhamana. Ilipita miaka zaidi ya 30 kabla ya yeye kununua kiwanda cha Mattingly, kimoja kati ya vile vilivyokuwa vikimuuzia. Jina linaloheshimiwa kuliko mengi katika biashara hii lilianza, basi, kwa kazi ileile ambayo leo baa inasutwa kwa kuifanya. Mwenye mgahawa wa pilau hadaiwi kulima mpunga; anadaiwa kuujua mpunga mzuri anapouona.

Lakini hoja yenye uzito zaidi inatokana na hesabu, na ni hesabu ambayo wanaolaumu huiruka. Tuchukue baa inayomimina vipimo 40 vya bourbon yake kila usiku, kila kipimo mililita 45. Kiasi hicho si kikubwa kwa baa yenye watu. Chupa ya mililita 750 hutoa vipimo 16 na tone la ziada. Pipa la kawaida huchukua galoni 53 za Kimarekani, yaani lita 200 hivi, na katika joto la Kentucky hupoteza kwa mvuke takriban asilimia 3 hadi 5 ya kilichomo kila mwaka. Tukikadiria kwamba baada ya miaka sita pipa hilo litatoa chupa 200, tunapata vipimo 3,200, na baa yetu itavimaliza kwa siku 80. Kwa mwaka inahitaji mapipa manne na nusu hivi. Hadi hapo jambo linaonekana jepesi, kwa kuwa mapipa matano yanapatikana. Ugumu ni kwamba mwenye baa anayetaka kuahidi chanzo kisichobadilika hahitaji mapipa ya mwaka huu peke yake. Anahitaji ya mwaka huu, ya mwakani na ya miaka minne inayofuata, yote yakiwa yamekwisha kukenekwa na kulala ghalani kwa umri unaopishana. Hayo ni mapipa 27, yamelipiwa kabla hayajauzwa hata tone, yakidai kodi ya pango, bima na, kama yapo Kentucky, kodi ya kila mwaka inayotozwa kwa pombe inayozeeka, kodi ambayo ndiyo kwanza imepangiwa kuondolewa hatua kwa hatua hadi mwaka 2043. Wakati huohuo yanaendelea kupungua kwa mvuke.

Tena mwenye baa angepaswa kujua miaka sita kabla watakuja watu wangapi. Wiski ya miaka sita inayomiminwa mwaka 2026 ilikenekwa mwaka 2020, mwaka ambao baa zenyewe zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona na wenyewe hawakujua kama zingefunguliwa tena. Ni nani kati yao angeagiza mapipa manne na nusu mwezi Aprili wa mwaka huo? Asiyeagiza wakati ule hana wa kwake leo, na hana njia ya kurudi nyuma kuyapika. Atanunua yaliyopo, kutoka kwa aliyenayo. Kwa hiyo chanzo cha bourbon ya baa hubadilika hata pasipo mtu kuamua kuwa mjanja, kwa sababu mapipa yanayofaa humalizika kabla kiu haijaisha.

Hata wenye viwanda vikubwa hawakuepuka jambo hili. Tarehe 7 Novemba 1996 moto uliteketeza kiwanda cha Heaven Hill huko Bardstown pamoja na maghala saba yenye mapipa takriban 90,000. Kampuni haikufunga milango. Wiski zake zilikenekwa kwa muda katika viwanda vya washindani, Jim Beam na Brown-Forman, mpaka iliponunua kiwanda cha Bernheim, Louisville, mwaka 1999. Walioendelea kunywa Evan Williams, bourbon ya Heaven Hill, katika miaka iliyofuata walikunywa kazi ya mikono mingine bila lebo kupiga mbiu, na sijui mtu anayeihesabu hiyo kuwa hila.

Bulleit, bourbon iliyopendwa sana na wahudumu wa baa, ni mfano wenye utata zaidi. Kwa miaka mingi ilikenekwa na Four Roses huko Lawrenceburg, Kentucky. Himaya ya pombe ya Seagram iliyomiliki vyote viwili ilipovunjika, mwanzoni mwa karne hii, jina la Bulleit likaenda kwa Diageo, kampuni inayojulikana Afrika Mashariki kwa miaka mingi ya umiliki wake katika East African Breweries, na Four Roses ikaenda kwa Kirin ya Japani. Kuanzia hapo mwenye jina na mwenye mtambo walikuwa watu wawili wenye maslahi tofauti. Four Roses yenyewe ilipoanza kuuza vizuri, ilihitaji wiski yake. Diageo ilifungua kiwanda chake cha Shelbyville mwaka 2017, kwa gharama ya dola milioni 115, na katika kipindi cha mpito chupa ikabaki ileile huku kilichomo ndani yake kikibadilika.

Hapa upande wa wateja una jibu lisilopuuzwa. Wiski za viwanda hivi hazilingani. Bourbon yenye sehemu kubwa ya rai, nafaka ya jamii ya ngano, ina ukali wa viungo unaosikika hata ndani ya Manhattan, kinywaji cha wiski iliyochanganywa, ambamo vermouth tamu (mvinyo uliotiwa mitishamba) ingeifunika bourbon laini. Iliyowekwa ngano mahali pa rai ni nyororo, na katika kinywaji hichohicho hupotea. Four Roses hutumia mapishi mawili ya nafaka na aina tano za hamira, na harufu zinazozaliwa na hamira hizo haziigwi kwa urahisi mahali pengine. Mteja anayesema amesikia tofauti huenda kweli ameisikia, na kumwambia kwamba ladha ni ileile ni kumkosea heshima. Mwenye baa akihama kutoka bourbon ya rai nyingi kwenda ya ngano bila neno, amebadilisha bidhaa, na kisingizio cha mapipa hakimfuniki.

Ndiyo maana ninadhani kosa liangaliwe mahali pengine, kwenye hadithi inayoambatana na chupa. Templeton Rye, wiski ya rai, iliuzwa kama urithi wa mji mdogo wa Iowa na wa zama za marufuku ya pombe, ilhali wiski yake ilitoka kiwanda kikubwa cha Lawrenceburg, Indiana. (Lawrenceburg hii ni mji mwingine kabisa, ingawa bahati mbaya ya jina imewachanganya wengi.) Mwaka 2014 wanunuzi walikwenda mahakamani, mwaka uliofuata wakafikia suluhu iliyowarudishia fedha kidogo, na lebo ikabidi iseme ukweli. Lawama kuu ilikuwa juu ya hadithi. High West ya Utah ilinunua wiski kutoka kiwanda hichohicho cha Indiana na kwingineko, ikasema wazi tangu mapema kwamba inanunua na kuchanganya, na ikapata heshima kwa uchanganyaji wake.

Soko la sasa linaufanya utetezi wa wenye baa kuwa mgumu zaidi kuliko miaka kumi iliyopita. Maghala ya Kentucky yana zaidi ya mapipa milioni 14 ya bourbon, zaidi ya matatu kwa kila mkazi wa jimbo hilo, na wasambazaji waliokuwa wakichagua wanunuzi sasa wanawatafuta. Baa inayobadili chanzo leo mara nyingi inachagua, haisukumwi, na anayechagua anaweza kueleza. Inatosha orodha ya vinywaji itaje jimbo, umri, nafaka inayofuata mahindi na mwezi ambao shehena mpya ilianza kumiminwa. Jina la kiwanda ni suala jingine, kwa kuwa mikataba mingi ya mauzo ya mapipa humkataza mnunuzi kulitaja, na mwenye baa anayenyamaza juu ya hilo huenda anatii saini yake mwenyewe. Shinikizo la wateja lingefaa zaidi likielekezwa kwa msambazaji aliyeandika kifungu hicho, kwa sababu ndiye pekee anayeweza kukiondoa.