Bei ya Mkeka Haijaandikwa Popote

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na kabla jua halijawa kali bodaboda wa Dar wanajua kama lita ya petroli imepanda au imeshuka. Nauli ya daladala nayo inajulikana, na konda akizidisha shilingi mia kutoka Mbagala hadi Kariakoo gari zima litamsema. Ila abiria huyohuyo akishuka na kuingia kibanda cha kubeti hulipa ada ambayo hakuna aliyemtajia, na mara nyingi hajui kama ameilipa. Hilo ndilo linalonikera. Suala la kamari kuwa dhambi au si dhambi nawaachia mashehe na wachungaji.

Ada hiyo imefichwa ndani ya odi, ile namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda. Chukua mechi moja ya Jumamosi: mwenyeji amepewa 1.50, sare 4.00, mgeni 6.50. Namba nimezitunga mimi, lakini zinafanana na utakazoziona kwenye skrini. Gawanya 1 kwa kila odi, utapata mwenyeji asilimia 66.7, sare 25, mgeni 15.4. Jumlisha. Inakuja 107 na ushee. Sasa mechi ina matokeo matatu tu, na uwezekano wake wote kwa pamoja hauwezi kuvuka 100. Ile 7 ya juu ndiyo fungu la kampuni.

Tazama inavyofanya kazi kwa hela. Tuseme wabetiji wote wa mechi hiyo wameweka 66,700 kwa mwenyeji, 25,000 kwa sare na 15,400 kwa mgeni. Kampuni imekusanya 107,100. Mwenyeji akishinda inalipa kama laki moja. Ikiwa sare, laki moja. Mgeni akishinda, laki moja na shilingi mia. Mpira umechezwa dakika tisini, watu wamegombana na marefa, na elfu saba imebaki dirishani bila jasho. Ukweli ni kwamba hela haiji kwa mizani safi namna hiyo, na zipo wikiendi ambazo vigogo wote wa Ulaya hushinda na kampuni hulia. Lakini fungu limo katika kila mechi, na mechi haziishi.

Ndiyo maana nasema odi ni bei, si utabiri. Kampuni nyingi hata hazikai chini kuzipanga zenyewe. Hununua kwa mashirika yenye kazi hiyo, kama Sportradar la Uswisi, halafu huongeza au kupunguza kidogo. Mshambuliaji akiumia mazoezini, odi ya timu yake hupanda. Watu wakimwaga hela upande mmoja, odi ya upande huo hushuka. Kwa hiyo ukiona timu yako imepewa odi ndogo jua tu kwamba inauzwa ghali.

Kijana mmoja wa kijiweni Sinza alinionyesha simu yake, timu kubwa ya hapa nyumbani dhidi ya timu ya mkiani, odi 1.20. "Bro, hii hela ya bure. Elfu kumi naipata elfu kumi na mbili kabla ya magharibi."

"Elfu kumi ni yako mwenyewe mdogo wangu," nikamwambia. "Faida ni elfu mbili."

Hilo wengi hulisahau: odi tunazotumia huku zimebeba na dau lako ndani. Waingereza huandika 1.50 kama 1/2, yaani ukiweka mbili unapata moja juu yake, na namna yao angalau inaonyesha faida peke yake. Nikamwomba apige hesabu. Akibeti elfu kumi kumi kwenye odi 1.20 mara sita, akashinda tano, amevuna elfu kumi. Ile moja aliyopoteza imechukua elfu kumi. Kapatia mechi tano kati ya sita, na amebaki palepale. Ili aanze kula inabidi "uhakika" wake upatie zaidi ya mara tano katika sita, na hizo ni timu zinazosafiri kwa basi mikoani, zinazocheza kwenye matope, zenye kocha aliyeajiriwa juzi. "Kwa hiyo niunge mkeka," akasema. Nilijua atafika hapo.

Mkeka, yaani mechi kadhaa zilizounganishwa kwenye dau moja linalolipa zikitiki zote, ndio mahali ambapo fungu la kampuni hukua bila mtu kuliona. Odi huzidishwa, na hapo ndipo utamu ulipo: mechi kumi za 1.50 zinakupa 57.66, shilingi elfu moja inakuwa elfu hamsini na saba na mia sita. Lakini fungu nalo linazidishwa. Kwenye mechi yetu ya asilimia 107, kila shilingi 100 ina thamani halisi ya kama shilingi 93. Kwenye mechi ya pili unachukua asilimia 93 ya hiyo 93. Endelea hadi kumi, unabaki na kama 50. Yaani buku uliyoweka imeshageuka jero kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa. Na uwezekano wa mechi zote kumi kutiki, ukiondoa fungu la kampuni, hauzidi mara moja katika mia. Yule aliyechaniwa mkeka na timu moja atakwambia "nimekosa mmoja tu" kana kwamba alikaribia. Kwa hesabu hizo, kwa wastani mkeka wa mechi kumi hukosa karibu nne.

Halafu watu hushangaa kwa nini kampuni zinagawa bonasi kwa mwenye mkeka mrefu. Ukitaka kujua muuzaji anapata wapi, angalia anakopunguza bei kwa furaha.

Yapo na masharti ambayo mtu huyagundua siku ya kugombana dirishani. Mechi ikiahirishwa, kampuni nyingi huihesabu 1.00, mkeka unaendelea ila umepungua uzito. Dau la kawaida huishia dakika tisini na za majeruhi, bao la zile dakika thelathini za nyongeza halihesabiki. Na unabetia mechi, si kombe. Tarehe 3 Juni 2023 Yanga waliwafunga USM Alger 1-0 kulekule Algiers, lakini kombe la Shirikisho likabaki Algeria kwa sababu ya mabao ya ugenini, maana hapa kwa Mkapa walikuwa wamefungwa 2-1. Aliyekuwa amempa Yanga ushindi wa usiku ule alilipwa huku analia. Serikali nayo hukata kodi kwenye ushindi, na kiwango chake kimebadilishwa zaidi ya mara moja katika sheria za fedha.

Watanijibu kwa Leicester City, ambao mwanzoni mwa msimu wa 2015/16 walipewa 5,000 kwa 1 wakaubeba ubingwa wa Uingereza. Kweli, na waliolipwa walistahili. Lakini stori hiyo imezunguka dunia nzima kwa sababu haitokei.

Ninachotaka ni kidogo. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ina sheria yake tangu 2003, inatoa leseni, inakataza walio chini ya miaka 18. Iongeze hitaji moja: chini ya kila mechi kampuni iandike fungu lake kwa asilimia, na mtu akiunga mkeka namba hiyo ibadilike mbele ya macho yake kadiri anavyoongeza timu. Hesabu hiyo programu inaifanya kwa nukta ya sekunde, kama inavyofanya ile ya "ushindi tarajiwa" wanayoiandika kwa herufi nene. Rafiki yangu mmoja anasema hakuna atakayeisoma. Labda. Lakini hata bei za EWURA si kila mtu anazisoma, wanazisoma wachache, na hao wachache ndio hubishana na mwenye sheli.

Kwa sasa fanya mwenyewe. Fungua kikokotoo cha simu, 1 gawanya kwa kila odi ya mechi ile ile kwenye kampuni mbili, jumlisha, linganisha. Unaweza kukuta moja ina 105 na nyingine 109 kwa mechi ileile, siku ileile. Anza na dabi ya Kariakoo.