Mlezi wa Mtoto wa Mlevi: Swali ni Atakaa Muda Gani

Mipango inayowapatia vijana wa familia zenye ulevi walezi wa kujitolea, watu wazima wanaokutana nao kila wiki, inashutumiwa Uganda kutoka pande mbili. Wapo wanaosema kazi hiyo ni ya ssenga na kojja, yaani shangazi na mjomba, na kwamba kumleta asiye wa ukoo ni kuianika aibu ya nyumba. Wengine husema pombe yenyewe idhibitiwe kwanza.

Hoja hii ya pili si nyepesi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 ilikadiria kwamba kila Mganda wa miaka 15 na zaidi alikunywa wastani wa lita 9.5 za alkoholi halisi mwaka 2016. Waragi, pombe kali ya Uganda, wa pakiti ulipigwa marufuku 2019, lakini muswada wa mbunge Sarah Opendi wa kubana saa za kuuza pombe ulikwama bungeni Novemba 2024. Na hata ungepita, kule Teso na Karamoja, mashariki na kaskazini-mashariki mwa nchi, pombe hupikwa nyumbani, na mara nyingi pato lake ndilo linalolipa karo. Mtoto wa miaka 12 hana nafasi ya kusubiri hayo yote yanyooke.

Kuhusu ukoo, ssenga mwema hana mbadala; ila huenda yuko mji wa Masaka na mtoto yuko Katwe, mtaa wa Kampala, na kojja pengine ndiye anayekunywa na baba. Mtu wa nje hana deni kwa yeyote nyumbani humo, na kwa sababu hiyo mtoto anaweza kumwambia ukweli.

Ushahidi upo. Utafiti wa Marekani wa 1995 kuhusu mpango wa Big Brothers Big Sisters, unaowapa vijana walezi wa kujitolea, ulifuatilia vijana 959 wa miaka 10 hadi 16, na ukaona kwamba waliopewa walezi walipungukiwa kwa asilimia 46 na uwezekano wa kuanza dawa za kulevya, na kwa asilimia 27 ule wa kuanza pombe. Si wote waliotoka kwa walevi, ni kweli. Lakini takwimu hizo zilipochambuliwa upya mwaka 2002, ilionekana kwamba faida kubwa iliwaangukia waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi, ilhali wale ambao uhusiano wao ulivunjika kabla ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini. Mtoto wa mlevi ameshazoea ahadi za jioni zinazosahauliwa asubuhi. Mlezi anayetoweka wiki ya kumi anamthibitishia kwamba watu wazima wote ndivyo walivyo.

Wakosoaji wangeshika hapa, wangetubana kwelikweli, kwa kuwa mipango yetu mingi hutegemea fedha za wafadhili za miezi michache na wanafunzi wa chuo wanaoondoka muhula ukiisha. Heri mpango uchukue watoto 20 utakaowashika mwaka mzima kuliko 200 wa kupigwa picha. Walezi watafutwe palepale mtaani, mwalimu, katekista, imamu au fundi asiyekunywa, na majina yao yawe kwa katibu wa masuala ya watoto wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, ambaye atajua nani wa kuulizwa mlezi akiacha kuja.