Mayai Mawili na Gari la Zimamoto

Mlango wa nyumba ya kupanga Ujerumani, kwa upande wa ndani, una mkono wa kitasa kama mlango wowote. Kwa nje mara nyingi mkono haupo. Kuna kirungu cha chuma kilichokazwa hapo. Hakizunguki, hakishuki, hakina kazi ila kukutazama. Mlango ukijibamiza ndiyo umeshafungwa, haukuulizi kama ufunguo unao au umeuacha mezani. Kabla sijasafiri niliitwa kwenye semina ya wanafunzi wanaokwenda kusoma muhula mmoja nje. Tukaelezwa kuhusu bima, viza, baridi na upweke. Upweke peke yake ulichukua asubuhi nzima. Kuhusu kirungu hakuna aliyefungua mdomo.

Nilifika Leipzig Oktoba 2024, muhula wa baridi ukianza, na siku za mwanzo zote ziliishia kwenye karatasi. Pesa ya kujikimu unaiweka kwanza kwenye akaunti iliyofungwa, euro 11,904 za mwaka mzima, kisha unamegewa 992 kila mwezi. Ni pesa yako mwenyewe, lakini unaipokea kwa adabu utadhani umehurumiwa. Ukishahamia mahali, una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya wakazi, na huendi mikono mitupu: mwenye nyumba akuandikie karatasi ya kukiri kwamba ni kweli unakaa kwake. Nami nikajiandikisha. Ile karatasi ya uandikishaji nikaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuitunza kwa heshima ambayo cheti changu cha kuzaliwa hakijawahi kuionja.

Halafu barua zikaanza. Moja ilidai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Sina redio, sina televisheni. Haijalishi, ada ni ya nyumba. Hata ukikaa unatazama ukuta, utalipia ukuta. Afadhali nyumba yetu tulikuwa wanafunzi watatu, tukagawana. Na hata hiyo barua ilichelewa kunifikia, kwa sababu anwani za kule kwa kawaida hazina namba ya nyumba ndani ya jengo. Mleta barua anatafuta jina la ukoo kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Jina lako lisipobandikwa, wewe hujazaliwa. Nikabandika langu kwa herufi kubwa, na gundi nyingi kuliko ilivyohitajika.

Darasani nako kulikuwa na mambo yake. Ratiba ikisema saa nne asubuhi na pembeni pana herufi c.t., maana yake ni saa nne na robo, na kila mtu anajua isipokuwa wewe uliyekaa peke yako kwenye ukumbi mkubwa ukidhani chuo kimefungwa. Mhadhara ukiisha hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vifundo vya vidole. Mara ya kwanza nilijua wanamfukuza profesa.

Lakini somo nililolishika kuliko yote lilikuwa la kupitisha hewa. Mkataba wetu wa nyumba ulisema wazi: madirisha yafunguliwe mara kadhaa kwa siku, wazi kabisa, hata baridi iwe kali namna gani, ili kuta zisiote kuvu. Mwenzetu Mjerumani alinifundisha kwa vitendo, akinikagua. Nikawa muumini. Kila asubuhi dirisha langu la ghorofa ya kwanza lilikuwa wazi na mimi nimejikunyata kwenye blanketi, nikitimiza mkataba.

Basi ikafika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ile ambayo usiku wa kuiamkia saa za nchi nzima zinarudishwa nyuma kutoka majira ya kiangazi; ikifika saa tisa wanarudi saa nane. Taifa zima linapewa saa moja ya bure na taifa zima linaitumia kulala. Mimi tayari nilikuwa nahesabu kwa Kiswahili kichwani na kwa kizungu mdomoni, sasa likaongezeka na hili. Saa ya ukutani jikoni ilisema saa mbili, simu ikasema saa moja, tumbo likasema njaa. Nikaifuata ya tumbo. Wenzangu wote wawili walikuwa wamesafiri. Nikabandika mayai mawili kwenye sufuria ndogo, maji kidogo tu, jiko la umeme nikaliwasha mpaka mwisho.

Wakati mayai yakitafuta moto, nikaona nifanye usafi. Nikafungua madirisha, la jikoni na la chumbani, kama mkataba unavyotaka. Kona moja kulikuwa na mfuko wa glasi tupu: mitungi ya sosi ya nyanya, ya matango ya siki, na chupa zile ambazo duka halikurudishii senti zako. (Zenye amana hukai nazo muda mrefu. Chupa moja ya plastiki ya kutumika mara moja ni senti 25, na mwanafunzi anajua hesabu.) Makontena ya glasi yalikuwa nyuma ya jengo, hatua chache tu. Nikaushika mfuko, nikautoa koridoni, nikageuka kuvaa koti.

Hewa iliyoingia kwa dirisha la chumbani ikakutana na iliyoingia kwa dirisha la jikoni, zikakubaliana, zikatoka pamoja kwa mlangoni. PWAA!

Nikabaki natazamana na kirungu.

Nilikuwa nimevaa bukta, fulana iliyotoboka kwapani, na ndala. Ufunguo ulikuwa ndani ya koti, koti liko ndani ya nyumba, simu iko kwenye chaji. Mayai yako kwenye moto.

Nikagonga mlango wa jirani wa kushoto. Kimya. Wa kulia, kimya. Kugonga kwa nguvu nikaogopa, maana Jumapili kule ni siku ya utulivu kisheria, huruhusiwi hata kutoboa ukuta. Nikasema ngoja nishuke chini nilitazame dirisha langu kwa nje, huenda nikapata namna ya kupanda. Nikashuka na mfuko wangu wa chupa. Nikatoka nje. Mlango mkuu wa jengo, nao una kirungu, ukajifunga nyuma yangu taratibu, bila kelele, kistaarabu kabisa.

Dirisha lilikuwa pale juu, wazi, pazia linanipungia. Ukuta ni wa zege uliopigwa lipu laini, hauna hata pa kushika kucha. Nikaenda kwenye kengele. Majina ya ukoo mistari na mistari, na mimi kati ya hao wote nilimjua mtu mmoja tu, mimi mwenyewe. Nikabonyeza. Sijui nilitarajia nini. Kengele yetu nikaisikia inalia juu, kupitia dirishani, kwa sauti nzuri na safi, na hakuna aliyefungua. Nikabonyeza za wengine. Sauti moja ya mwanaume ikakoroma kitu, ikakata.

Baridi ilishanipata. Nilisimama pale kama kuku aliyenyeshewa, mkono mmoja mfuko wa chupa, mkono mwingine umeingia ndani ya fulana kutafuta joto. Hapo ndipo wazo likanijia, na bado naona lilikuwa wazo lenye mantiki: kama nipo nje, na makontena yapo nje, basi angalau hili la chupa nilimalize, mikono yote miwili ipate kwenda kwapani.

Makontena ni matatu: glasi nyeupe, ya kahawia, ya kijani. Nikatupa mtungi wa kwanza. Lilikuwa kontena tupu la chuma, na mtaa umelala. Mlio ule nadhani ulifika stesheni.

Dirisha la ghorofa ya pili likafunguliwa kabla vipande havijatulia. Akachungulia bibi mmoja mwenye nywele nyeupe na gauni la kulalia, mbwa mdogo kwapani. Nilipomwona nilikaribia kulia kwa furaha. Binadamu! Macho!

"Kijana, leo Jumapili," akasema. "Glasi hazitupwi Jumapili. Pameandikwa hapo."

Nikatazama. Kweli pameandikwa, saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi.

"Bibi, mlango umejifunga!"

"Na huo mtungi ni wa kahawia. Umeuweka kwenye nyeupe."

"Mayai, bibi! Mayai yako kwenye moto! Mimi niko nje!"

Kijerumani changu chote cha darasani kilikuwa kimenikimbia, yalibaki maneno hayo matatu: mayai, moto, nje. Nikayapanga kwa kila mpangilio unaowezekana. Bibi akanisikiliza kwa makini, akanusa hewa, na wakati huohuo king'ora cha moshi jikoni kwetu kikaanza. Kile kidude kidogo cheupe cha darini, nilichokuwa nikikidharau, kilikuwa na mapafu.

Bibi hakupiga kelele. Aliingia ndani, akarudi dirishani na simu, akapiga 112 mbele yangu. Niliwahi kusikia jinsi wanavyofundishwa tangu utotoni namna ya kutoa taarifa ya ajali: wapi, nini kimetokea, wangapi wameumia, halafu usikate simu. Sasa nikaona kwa macho. Akataja mtaa, namba, ghorofa. Akaniuliza kutoka juu jina lililoko kwenye kengele, nikamtajia, akalitamka herufi moja moja. Kisha akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni na kuimalizia ripoti: "Hapana, hajaumia. Lakini amevaa ndala."

Wakaja upesi, king'ora juu, taa za bluu zinazunguka kwenye kuta. Na madirisha yote yaliyonifanyia uziwi yakafunguka kwa pamoja. Watu wakateremka na makoti juu ya nguo za kulalia. Yule mkoromaji nilimtambua kwa sauti. Alikuwa akieleza wenzake kwamba kengele yake ililia mapema sana.

Mkuu wa kikosi akanijia. "Kuna mtu ndani?"

"Mayai."

"Mangapi?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Nikamwambia mawili.

Wakaegemeza ngazi kwenye dirisha lilelile lililonifukuza, mmoja akapanda na vifaa vyote mgongoni, akapotelea ndani ya moshi mwembamba. Sisi wengine tukafunguliwa mlango mkuu na bibi, tukapanda ngazi na kujipanga koridoni. King'ora kikanyamaza. Mlango wetu ukafunguka kwa ndani, akatokea askari wa zimamoto ameshika sufuria kwa glavu, mlango ameuzuia kwa mguu usijifunge wala hautazami, mkono wa pili unatoa kabari ya mbao mfukoni na kuisukumiza chini ya mlango. Mfukoni! Wanatembea nazo! Wanafunzi wawili wa ghorofa ya tatu wakagonga reli ya ngazi kwa vifundo vya vidole, kama mhadhara umeisha.

Mayai yalikuwa yamepasuka. Yai moja sikuwahi kuliona tena kwa ujumla wake. Kiini cha la pili kilikuwa darini, karibu na kile kidude cheupe, na doa lake lilinigharimu Jumamosi nzima na ndoo ya rangi kabla sijahama.

"Hapa lazima papitishwe hewa," akasema mkuu. "Fungua madirisha yote, wazi kabisa."

Nikaitazama kabari kwanza. Ilikuwa imekaa vizuri. Nikafungua.

Akataka kuandika ripoti, akaomba kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Hapo nilinyooka. Nikaingia chumbani na ndala zangu, nikatoka na ule mfuko wa plastiki, nikauweka mezani mbele ya watu wote. Karatasi haina mkunjo, mhuri unang'aa, tarehe iko ndani ya wiki mbili. Mkuu akaisoma, akatikisa kichwa kuridhika. Nyuma yake bibi naye alivaa miwani akaisoma, akaridhika zaidi.

Ufunguo wa akiba ukahamia kwake bibi, kwenye kimkebe cha biskuti, na jina langu juu ya kipande cha karatasi. Kabari nilinunua yangu wiki hiyohiyo. Pale chini penye masanduku ya barua likabandikwa tangazo jipya, limechapwa kwa kompyuta na kupigiwa mstari mwekundu, kuhusu saa za kutupa glasi. Halikutaja mtu, lakini kila aliyelisoma aliniamkia kwa tabasamu ambalo zamani sikulipata.

Jumatatu yake saa moja asubuhi kamili nilikuwa kwenye makontena, nimevaa koti, ufunguo nimeufunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka. Mbwa akatoa kichwa, bibi akatoa kichwa.

"Habari za asubuhi, bibi."

"Za asubuhi. Endelea."

Nikatupa nyeupe kwenye nyeupe. Nikatupa kahawia kwenye kahawia. Chini kabisa ya mfuko ikabaki chupa moja ya bluu, na kontena la bluu halipo. Nikainyanyua juu aione, nikasubiri.

"Kijani," akasema, na dirisha likafungwa.