Sonona kutibiwa zahanati: wiki ya pili ndiyo inayoamua

Kwa kila watu 100,000, nchi maskini zina wahudumu wa afya ya akili wasiofika wawili. Nchi tajiri zina zaidi ya 60. Hesabu hiyo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2020 inajumlisha kila mtu: madaktari bingwa, wauguzi, wanasaikolojia na maofisa ustawi wa jamii. Vyuo haviwezi kuziba pengo kubwa namna hiyo ndani ya kizazi kimoja, na wagonjwa hawawezi kusubiri kizazi kizima. Ndiyo maana WHO ilipozindua mhGAP, mpango wake wa kuziba pengo la huduma za afya ya akili, mwaka 2008 ilipendekeza njia nyingine: tabibu na muuguzi wa zahanati wafundishwe kutambua na kutibu sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), saikosisi (hali ya kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini yasiyo kweli), kifafa na uraibu wa pombe, na mhudumu wa jamii afundishwe tiba ya mazungumzo. Kazini njia hii tunaiita kugawana majukumu.

Wanaoipinga njia hii wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Wanasema muuguzi anayeona wajawazito, watoto wa chanjo na wagonjwa wa homa asubuhi moja hana dakika 40 za kumsikiliza mtu mmoja. Wanasema mafunzo ya siku chache hayamfanyi atofautishe sonona na baipola, ugonjwa ambao mtu hubadilika kati ya huzuni nzito na msisimko uliopitiliza. Na wanasema aliyeachishwa kazi na kudaiwa kodi anahitaji kazi, si kidonge. Sisi tunaunga mkono kugawana majukumu, ila hoja hizo zote tatu zina ukweli ndani yake, na mipango mingi imekwama kwa kuzipuuza.

Tuanze na ya umaskini, maana ndiyo inayojibika vizuri zaidi. Nchini Zimbabwe, daktari bingwa Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006. Wahudumu wa jamii, wengi wao kina bibi wanaoheshimika mtaani, hukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati kwa vikao hadi sita. Mgonjwa anataja matatizo yake yote, anachagua moja, anapanga hatua moja anayoiweza kabla ya kikao kijacho, kisha wanarudi kutazama ilikwamia wapi. Tatizo analochagua linaweza kuwa hiyo hiyo kodi. Hakuna anayemwambia shida yake ni ya kichwani tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573 katika zahanati 24 za Harare, ulionesha kwamba baada ya miezi sita asilimia 14 ya waliokaa benchi walikuwa bado na dalili za sonona, ilhali kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa walikuwa asilimia 50.

Lakini kuna utafiti mwingine tunaoona hautajwi vya kutosha. Katika jimbo la Goa, India, utafiti ulihusisha vituo 12 vya serikali na madaktari binafsi 12, na katika nusu ya kila kundi waliwekwa washauri wasio wataalamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kwenye vituo vya serikali wagonjwa waliopata ushauri walipona zaidi ya wenzao. Kwa madaktari binafsi tofauti haikuonekana. Mbinu ilikuwa ile ile, mafunzo yale yale. Anayechukua mwongozo uliofaulu mahali fulani na kuupeleka kwingine bila kupima upya anacheza kamari na wagonjwa.

Sasa hoja ya mzigo wa kazi. Hapa wapinzani wana haki zaidi, na chanzo cha mzigo huo mara nyingi ni uchunguzi wa awali. Dodoso linalotumika sana ni PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia alama 10 mtu huhesabiwa kuwa huenda ana sonona. Tuchukulie dodoso linawanasa wagonjwa 85 kati ya 100, na kuwaachia wazima 85 kati ya 100. Lipeleke kwa watu 1,000 ambao 100 kati yao wanaumwa kweli. Litawanasa wagonjwa 85. Pia litawanasa wazima 135, maana asilimia 15 ya wazima 900 ni hao. Muuguzi ana watu 220 mezani, na zaidi ya nusu yao hawana sonona. Wakianzishiwa dawa wote, atakuwa ametibu uchovu, msiba wa juzi, upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa. Kwa hiyo dodoso ni mlango wa kuanzia mazungumzo tu. Anayevuka alama 10 aulizwe upya kwa maneno ya kawaida: hali imeanza lini, imemzuia kufanya nini, amefiwa, anatumia dawa gani nyingine, amewahi kuwa na siku kadhaa za kulala saa mbili tatu bila kuchoka, akiongea mfululizo na kutumia fedha ovyo. Swali hilo la mwisho ndilo linaloifichua baipola. Likirukwa, dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumpandisha mgonjwa hadi msisimko wa hatari.

Swali la tisa la dodoso linauliza kuhusu mawazo ya kujidhuru au kuona heri kufa. Liko mwisho wa karatasi, foleni ni ndefu, na wengi hulipitia haraka haraka. Jibu lolote lisilo sifuri linadai mazungumzo siku hiyo hiyo: ana mpango gani, ana kitu cha kutumia, amewahi kujaribu, nyumbani kuna nani. Kumwuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo; wengi hupumua kwa kupata wa kumwambia. Akiwa na mpango, asiachwe peke yake, ndugu aondoe sumu na vidonge ndani ya nyumba, na rufaa ifanyike akiwa na mtu wa kumsindikiza.

Yote haya yanawezekana kufundishwa. Panapovunjika ni baada ya hapo. Fluoksetini, dawa ya sonona, huanzishwa miligramu 20 asubuhi. Nafuu ya kweli huja baada ya wiki kadhaa, lakini kichefuchefu, kukosa usingizi na kutotulia huweza kuanza siku za mwanzo. Maana yake, mwishoni mwa wiki ya pili mgonjwa ana maudhi ya dawa na hajaona faida yake. Hapo ndipo anapoitupa. Asipoelezwa mapema, na asipopigiwa simu au kutembelewa wiki hiyo, daftari litasema ametibiwa wakati yeye yuko nyumbani, amekata tamaa mara mbili. Akivuka hapo na kupona, dawa iendelee miezi 9 hadi 12 mingine, kisha ipunguzwe taratibu. Kwenye zahanati ambako dawa huisha ghalani kila baada ya miezi mitatu, mpango huo haupo. Palipo na amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, peke yake kuna tahadhari ya ziada: ikinywewa kwa wingi husimamisha moyo, hivyo mwenye mawazo ya kujiua hapewi dozi ya mwezi mzima mkononi.

Kwa saikosisi, hoja ya kuwaachia madaktari bingwa ina nguvu zaidi. Haloperidoli, dawa ya saikosisi, hutuliza sauti na woga, lakini siku za mwanzo, hasa kwa kijana wa kiume, shingo inaweza kujipinda, macho yakapanda juu na taya likakaza. Biperideni ya sindano huondoa hali hiyo haraka. Zahanati isiyokuwa nayo itampoteza mgonjwa huyo na familia nzima, maana waliyoyaona kwa macho yao ni kijana aliyeharibiwa na dawa. Lithiamu, dawa anayopewa mgonjwa wa baipola, inahitaji kipimo cha damu cha mara kwa mara, na palipokosa maabara isianzishwe. Tunavyoona, kwa magonjwa haya mpangilio salama ni bingwa aanze tiba, zahanati iendeleze.

Hilo halina maana ya kurudisha fedha zote kwenye hospitali kubwa za wagonjwa wa akili. Italia iliamua kuzifunga kwa sheria namba 180 ya mwaka 1978, kazi iliyosukumwa na daktari Franco Basaglia, na mji wa Trieste ulijenga vituo vya mtaani huku milango ya hospitali ikifunguliwa. Afrika Kusini ilionesha upande wa pili. Mwaka 2016 mkoa wa Gauteng uliwahamisha kwa haraka wagonjwa zaidi ya elfu moja kutoka Life Esidimeni, hospitali binafsi zilizokuwa zikiwatunza, kwenda kwenye mashirika yasiyo na uwezo wa kuwatunza, hatua iliyotetewa kwa hoja za kubana matumizi na kuhamia huduma za jamii. Watu 144 walikufa. Lugha ya huduma za jamii ni nzuri, na ndiyo sababu ni rahisi kuitumia kufunika kubana matumizi.

Kinga ni suala pana, ila mfano mmoja unatosha kuonesha kwamba afya ya akili haiishii kliniki. Sri Lanka ilipiga marufuku sumu kali za kilimo hatua kwa hatua, na kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70 kutoka kilele cha katikati ya miaka ya 1990. Aliyechukua hatua hapo alikuwa mdhibiti wa viuatilifu.

Kwa wanaopanga bajeti sasa, tunaomba namba zinazoripotiwa zibadilike. Idadi ya waliofundishwa na idadi ya waliojaza dodoso hazituambii kitu kuhusu uponyaji. Daftari liwe na safu ya ziara ya wiki ya pili, safu ya alama za PHQ-9 mwezi wa tatu, na safu ya siku ambazo dawa haikuwepo ghalani. Na kwa kila wauguzi kumi waliofundishwa, jina la msimamizi mmoja liandikwe, nauli yake ya kuwatembelea kila mwezi iwemo kwenye bajeti, na wakiwa na mgonjwa asiyeeleweka wawe na namba yake ya simu anayoipokea.