Fundi anapokataa kupanda darini

Kila baridi inapoingia Uingereza, ugomvi uleule hurudi. Boila iliyofungwa darini, yaani mtambo wa gesi wa kupasha joto nyumba na maji, imezima, nyumba imepoa, watu wanaoga kwa maji ya birika. Mwenye nyumba anampigia simu mtengenezaji kwa sababu waranti bado ina miaka kadhaa. Fundi wa kampuni anafika, anainua macho kwenye tundu la dari, anauliza njia ya kupandia iko wapi. Anaambiwa kuna ngazi ya kuegemeza huko gereji. Anaitazama, anaandika kwenye fomu kwamba hakuna njia salama ya kuifikia boila, anaaga na kuondoka. Hajagusa hata skrubu moja.

Mwenye nyumba anaona ametapeliwa, na hoja yake si ndogo. Aliuziwa ahadi ya miaka 7 au 10, na pengine aliongeza pesa ili aipate. Aliyeifunga boila alikuwa amesajiliwa na Gas Safe, rejista ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009, na ambayo bila kuwemo ndani yake huruhusiwi kufanya kazi ya gesi ya kulipwa. Cheti cha kanuni za ujenzi kililetwa na posta. Kila mwaka alilipia sevisi, na fundi wa sevisi alipanda bila kusema neno. Leo, siku ya shida, ndipo anaambiwa dari yake haifai. Mtu wa namna hiyo ukimwambia anunue ngazi ya kudumu na kuweka sakafu kabla hajapewa kile alichokwisha kulipia, atakasirika, na ni haki yake.

Ila hasira hiyo inamwangukia asiyestahili. Anayelaumiwa ni yule aliyesimama chini ya tundu, na watu wachache hujiuliza alikuwa anatakiwa kupanda kwenye nini.

Dari nyingi za nyumba za kule hazikujengwa ili zikanyagwe. Boriti zimepangwa kwa umbali wa milimita 400 au 600, na katikati yake kuna ubao mwembamba wa jipsamu usioweza kubeba uzito wa mtu. Juu yake imetandazwa pamba ya kuhifadhi joto, ambayo siku hizi inapendekezwa ifike unene wa milimita 270. Maana yake boriti hazionekani. Fundi anapapasa kwa mguu kutafuta mbao chini ya pamba, taa ya kichwani inamulika vumbi, na mkononi ana mkoba wa zana na kifaa cha kupima moshi wa boila. Akikosea kwa upana wa kiganja tu, mguu unatokea kwenye dari ya chumba cha kulala.

Na hapo bado hatujazungumzia kupanda kwenyewe. Tundu la dari mara nyingi liko juu ya kikorido cha ghorofani, hatua moja tu kutoka zinapoanzia ngazi za nyumba. Ngazi ya kuegemeza inatakiwa kusimama kwa uwiano wa moja kwa nne, yaani mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za urefu wa kwenda juu. Ikitumika kumfikisha mtu sehemu nyingine, inatakiwa ifungwe na ipite angalau mita moja juu ya mahali anaposhukia. Jaribu kutimiza hayo kwenye kikorido ambacho watu wawili hawapishani. Anayeteleza hapo haishii kwenye zulia. Anabingirika hadi mlango wa mbele.

Kuna takwimu moja ambayo ningependa kila anayemwita fundi huyo mvivu aiangalie kwa utulivu. Katika mwaka wa 2023/24, kwa hesabu za HSE, mamlaka ya afya na usalama kazini, wafanyakazi 138 walikufa kwa ajali za kazini huko Great Britain, na 50 kati yao walikufa kwa kuanguka kutoka juu. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja, na hakuna aina nyingine ya ajali iliyoua wengi kiasi hicho. Ni kweli kwamba idadi hiyo inajumuisha mapaa, majukwaa ya ujenzi na mengineyo, si boila peke yake. Lakini tazama inachoacha nje: wote walioanguka wakabaki hai, waliovunjika nyonga au kuumia uti wa mgongo, ambao hawatapanda ngazi tena. Mtu anayetengeneza boila tano kwa siku, siku tano kwa wiki, hawezi kuipima hatari kwa nyumba moja. Mwenye nyumba anasema, "Ni mara moja tu." Kwa fundi, hiyo mara moja inajirudia kila siku.

Kanuni za Kazi za Juu za mwaka 2005 zinamtaka mwajiri kwanza aepuke kazi ya juu inapowezekana. Isipowezekana, azuie kuanguka, na akishindwa hilo apunguze madhara yake. Hazisemi mwajiri asamehewe kwa sababu mteja ana baridi. Kwa hiyo kampuni inayompa fundi wake ruhusa ya kukataa inatimiza wajibu wake wa kisheria, wala hilo peke yake si dalili ya kukwepa waranti.

"Mbona mwaka jana mwenzake alipanda?" Swali hili huulizwa kila mara, na huwa na uzito kuliko linavyostahili. Alipanda kwa sababu anajitegemea, analipwa kwa kazi, na akikataa halipwi. Pengine alikuwa kijana. Kwamba hakuanguka hakuifanyi njia ile kuwa salama, na hakumfungi mwingine kuipita.

Sasa tumtafute anayepaswa kujibu. Kiwango cha Uingereza cha BS 6798, kinachohusu ufungaji wa boila za gesi, hakikuiacha dari kwa busara ya mtu. Boila ikiwekwa huko, kinataka pawe na sakafu ya kutosha kuifikia na kuihudumia, njia ya kudumu ya kupandia kama vile ngazi ya kukunja, taa isiyohamishika, na kizuizi kuzunguka tundu. Vitabu vya watengenezaji hurudia masharti kama hayo. Aliyeifunga alikuwa na kitabu hicho mkononi. Boila ile ilipanda ikiwa na uzito wa kilo 30 au zaidi, na walioipandisha walijua fika walipitia wapi. Kisha akajaza fomu ya Benchmark, ambayo ni kumbukumbu ya kazi iliyokamilika, akasaini.

Huyo ndiye mwenye deni. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inataka huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na madai yanaweza kupelekwa mahakamani hadi miaka 6 baadaye kwa England na Wales, au 5 kwa Scotland. Aliyelipia kwa kadi ya mkopo kazi ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000 ana kinga nyingine: kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya 1974 kinaibebesha kampuni ya kadi jukumu pamoja na muuzaji. Ile fomu ya fundi iliyosema "hakuna njia salama", ambayo wengi huichana kwa hasira, ndiyo ushahidi wao bora kabisa. Mtaalamu asiye na maslahi yoyote kwa mfungaji ameandika kwa mkono wake kwamba kazi haikukamilika.

Kwa upande wa watengenezaji, siwatetei kwa kila jambo. Kuahirisha matengenezo hadi ngazi iwekwe ni sawa. Kuifuta waranti moja kwa moja kwa sababu hiyo si sawa, maana kukosekana kwa ngazi hakukuharibu pampu wala feni. Kibaya zaidi ni pale mteja anapokosa sevisi ya mwaka kwa kuwa fundi wa kampuni alikataa kupanda, kisha kampuni hiyohiyo ikaikataa waranti kwa hoja kwamba sevisi haikufanyika. Hapo mtu amefungiwa milango miwili kwa ufunguo mmoja, na namuunga mkono akilalamika mpaka asikilizwe.

Halafu kuna aliyenunua nyumba ambayo boila tayari iko darini. Hakuwahi kuwa na mkataba na mfungaji. Waranti ya mtengenezaji huenda ikahamia kwake pamoja na boila, lakini haki za mkataba wa aliyemtangulia kwa kawaida hazihami. Kwa huyu sina faraja kubwa. Ngazi ataigharamia mwenyewe, isipokuwa muuzaji au mkaguzi wa nyumba alimpa maelezo ya uongo.

Ndiyo maana nadhani watengenezaji wanalikamata jambo hili wakiwa wamechelewa. Waranti nyingi ndefu lazima zisajiliwe, aghalabu ndani ya siku 30 tangu boila kufungwa, na anayezisajili mara nyingi ni mfungaji mwenyewe. Fomu inauliza namba ya boila, tarehe na namba ya Gas Safe. Ikiuliza pia kama boila iko darini, na kudai picha ya ngazi, sakafu, taa na kizuizi kabla ya kutoa cheti, kasoro itaonekana wiki ile ile, wakati boila bado mpya na mfungaji bado hajalipwa salio lake.